Anichukue na Mchi Wangu

"Seleman! Toka nje! Nimebeba maneno mazito, yatanivunja shingo!"

Mzee Seleman alitoka na mswaki mdomoni. Uani, binti yake Mwantumu na shoga yake Sabaha walikuwa wanatwanga mtama, mchi huu ukipanda ule unashuka. Mlangoni alikuwa amesimama Mohamedi, mshenga, kanzu imejaa vumbi la njia nzima ya kutoka Nachingwea.

"Karibu, Mohamedi. Kaa, uji umeiva."

"Sikai. Mshenga wa harusi ndiye hukaa na kunywa uji. Mimi leo ni mshenga wa talaka iliyotangulia ndoa. Nitasema nikiwa nimesimama."

"Sema basi."

"Adinani anasema harusi hakuna."

Mchi wa Mwantumu ukabaki hewani. Wa Sabaha ukashuka peke yake, ukakosea tundu, ukapiga kinu ubavuni.

Nyie wa siku hizi mkiachana mnatumiana meseji, mtu anasoma huku anakula chipsi. Enzi hizo za wazungu wa karanga, waliokuja Nachingwea kulima kwa matrekta, meseji ilikuwa na miguu, ilitoka jasho, na ilikutazama usoni ukilia. Na Sabaha ndiye mama yangu mzazi, kwa hiyo mkiona hapa nimetia chumvi, jueni ni chumvi ya mama.

"Kosa la binti yangu nini?" akauliza Mzee Seleman.

"Wimbo! Kambi nzima inauimba. Wanamwimbia akiwa juu ya trekta, wanamwimbia akila, wanamwimbia akienda chooni. Kijana wa watu amekonda."

Mwantumu akacheka kwa kupumua.

"Ee mjomba, umenitisha bure! Wimbo ule nimemsifu."

"Umemsifu?" Mohamedi akageukia ukuta kwa haya, akakohoa, akaimba kwa sauti ya mbuzi mwenye mafua:

*Dereva wa karanga, kichwa kama karanga,*
*Ukikikoboa, ndani mna hewa;*
*Trekta amelijua, mke hajamjua,*
*Harusini atamwita fundi: gia iko wapi?*

Sabaha akajiziba mdomo na kanga. Alikuwa anacheka, msimwamini akisema alikuwa analia.

"Hiyo si yangu!" Mwantumu akasema.

"Wimbo ni wako," Mohamedi akajibu. "Kila anayeulizwa anasema wa Mwantumu wa Nandagala."

"Wimbo ni wangu, kipande hicho si changu. Baba, wewe unajua. Mtunzi wa kinuni akishataja jina lake, amefunga mlango. Kinachoimbwa baada ya jina ni cha mpita njia."

Na kweli, ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyo. Wanawake wa Nandagala hutunga wakitwanga, na kila mmoja hutia jina lake mwishoni ili wimbo usitembee kama mtoto asiye na kwao. Mwantumu alikuwa bingwa wao. Walikuwa wanakuja watu kutoka Mnacho kukaa tu uani kwao, wanajidai wameomba maji ya kunywa.

"Dunia haijui sheria za kinu chako," Mzee Seleman akasema, akautupa mswaki. "Nilikukanya. Nilisema mwanamke anayemtaja mwanamume kwenye wimbo atajuta. Sasa sikiliza. Kesho lori la ufuta linakwenda Nachingwea. Utapanda. Utampigia magoti Adinani, utaapa mbele ya watu kwamba hutatunga tena."

"Niombe radhi kwa kosa la mtu nisiyemjua?"

"Uombe radhi uolewe."

"Nikiapa hivyo, baba, atakayeolewa si mimi. Ni mtu mwingine mwenye sura yangu."

"Basi achukuliwe huyo mwenye sura yako! Na ukirudi bila mchumba, vilevile utanyamaza. Mdomo huo umeshanitosha."

Mwantumu akauegemeza mchi kwenye ukuta polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Nitakwenda. Lakini nitakwenda kumtafuta mwenye kipande."

"Ukimkosa?"

"Nikimkosa, nitanyamaza. Nakuahidi, baba."

Hapo ndipo mama yangu alipoacha kucheka.

*

Kule Nachingwea, Adinani alikuwa anafungua nati ya trekta, anaifunga, anaifungua tena.

"Adinani," akasema fundi wake, "hiyo nati iko nzima. Iliyolegea iko kichwani kwako."

Fundi huyo alikuwa Mserbia, mzungu aliyefagiliwa na vita kutoka kwao mpaka kwenye pori letu. Jina lake refu lilishinda ndimi za watu, wakamwita Bwana Lubo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini moyo aliuleta mzima. Jumapili wenzake wakinywa pombe, yeye alikaa juu ya pipa la mafuta akisoma kitabu chembamba kisicho na jalada, midomo inacheza kama anayeswali.

"Bwana Lubo, wewe hujui aibu niliyopata. Mwanamke niliyeposa amenitungia matusi."

"Wewe nasikia yeye naimba?"

"Wameimba watu wa lori."

"Wimbo yote?"

"Kipande cha mwisho. Kinatosha."

Bwana Lubo akafuta mikono, akakitoa kile kitabu mfukoni.

"Hii naandika mwanamke. Mwanamke ya kwetu, Serbia. Mtoto ya kijiji, kama mchumba yako. Yeye naandika mapenzi wazi, watu nasema, huyu hapana haya. Leo watoto nasoma yeye shuleni. Yeye napita njiani, wanaume natoa kofia."

"Kofia? Kwa mwanamke?"

"Mpaka askari! Sasa sikia. Mimi iko na mchumba zamani. Siku moja yeye nasomea mimi shairi ya huyu mama. Mwanzo nasema: mwanamume mjinga naingia nyumba yangu na viatu ya matope. Mimi natazama viatu yangu. Matope! Nakasirika, naondoka. Hapana rudi."

"Ulifanya vizuri."

"Mpumbavu wewe! Baadaye mimi nanunua kitabu. Mwisho ya shairi, mwanamke nafuta matope na mkono yake mwenyewe, nasema, kaa, usiende. Mwisho hiyo mimi hapana sikia. Yeye kwisha olewa. Mimi iko hapa, na karanga."

Bwana Lubo akarudisha kitabu mfukoni, akakipigapiga kama mtu anayehakikisha moyo bado upo.

"Mimi nasikia mwanzo tu. Wewe nasikia mwisho tu. Sisi wawili, changanya, napata mjinga moja kamili."

"Sasa nifanye nini?"

"Tafuta mwanzo."

"Nitautafuta wapi, na mshenga nimeshamtuma akavunje?"

Bwana Lubo akainua mabega. Dawa ya mshenga haikuwemo kwenye sanduku lake la vyuma.

*

Kesho yake asubuhi lori la Mhindi wa ufuta lilibeba magunia, na juu ya magunia Mwantumu na Sabaha. Mama yangu aliruhusiwa kwenda kwa sababu alimwambia babu yangu, baba yake, kwamba jino linamuuma. Jino lilipona lori lilipoanza tu kuondoka.

Walipofika Namungo dereva akashuka kutia maji kwenye injini. Mwantumu akawaendea wanawake waliokuwa kisimani.

"Jamani, hamjambo? Mnaujua wimbo wa kinu, ule wa trekta?"

"Nani asiyeujua!" Wakautwaa wote kwa pamoja, ndoo kichwani, mpaka wakafika kwenye jina. Wakakoma.

"Hamna kipande kingine baada ya hapo?"

"Kipande gani? Mwenyewe ameshajitaja, tuendelee kuimba nini, hitima yake?"

Mwantumu akarudi mbio kwenye lori, macho yanawaka.

"Sabaha! Namungo hakipo! Kimeingia huko mbele."

"Na kama kimeingia Nachingwea kwenyewe? Wako watu wa kila kabila pale, utamshika nani?"

"Usinikatishe tamaa, shoga yangu. Wewe una jino."

Kiegei lori lilisimama mbele ya kibanda cha muhogo wa kuchoma. Magari yote yalisimama hapo, si kwa muhogo, ulikuwa mkavu kama kuni, bali kwa maneno ya mwenye kibanda, Bibi Rabia. Walimkuta anapepea moto, anaimba. Na alichokuwa anaimba kilikuwa hiki: *Harusini atamwita fundi...*

Mwantumu akachutama kando ya moto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu. Kaeni mle. Muhogo mgumu, lakini nyie bado mna meno."

"Bibi, kipande hicho umekisikia wapi?"

"Nimekisikia hapa." Akajigonga kifua. "Kimetoka humu. Wimbo ulinifikia umefungwa na jina, mzuri, mtamu, bwana harusi anasifiwa mpaka kero. Nikasema hapana. Bwana harusi gani anasifiwa, watani wake wapo hai? Adinani si mjukuu wa marehemu Kaimu wa hapa Kiegei? Ukoo wa Kaimu na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Wao wakifa tunawazika tukiwatukana. Wakioa, tusiwatukane? Nikakipachika, nikawapa vijana wa lori. Kimefika?"

"Kimefika, bibi."

"Amecheka?"

"Amevunja harusi."

Bibi Rabia akaacha kupepea.

"Amefanya nini?"

"Alidhani ni mimi. Mimi ndiye Mwantumu."

Bibi yule alimtazama kuanzia kanga ya kichwani mpaka vidole vya miguu. Kisha akatwaa ungo, akaumimina muhogo wote kwenye mapaja ya mama yangu.

"Kula, mtoto, au gawa, mimi biashara nimefunga. Wewe mwenye lori! Nisogezee gunia, nakwenda Nachingwea. Kuna mtu amemkasirikia mtani wake. Haijawahi kutokea Kiegei, na mimi sitakufa kabla sijaiona sura yake!"

Mwantumu alicheka njiani, akalia, akacheka tena. Alikuwa amempata mwenye kipande. Lakini kadiri lori lilivyosogea ndivyo alivyozidi kujifunika kanga usoni.

"Una nini tena?" Sabaha akamuuliza huku anatafuna.

"Hakuniuliza, Sabaha. Angekuja tu akaniuliza."

*

Lori liliingia kambini wakati wa chakula cha mchana. Madereva walikuwa wamekaa chini na sahani zao. Walipomwona Mwantumu wakaanza kugongana viwiko. Mmoja akaanza kuimba kile kipande, akanyamaza mwenyewe, kwa sababu bibi mmoja mfupi alikuwa anashuka kwenye lori kinyumenyume, amebana kifuko cha unga kwapani.

"Yuko wapi Adinani mjukuu wa Kaimu?"

Adinani akasimama. "Bibi Rabia? Shikamoo. Kwema Kiegei?"

"Kwema wapi, na wewe umewapa watu kilio!" Akachota unga, akampaka usoni, paji mpaka kidevu, na uliobaki akammwagia juu ya kofia. "Ulimkasirikia nani, eti? Kipande kile ni changu. Changu, mtani wako! Nimekuimba kichwa hewa, na ningejua unavunja harusi kwa utani, ningekuimba na masikio!"

Kambi nzima ikalipuka. Watu walicheka mpaka sahani zikamwagika. Adinani alikuwa amesimama katikati kama mzimu, mweupe kope mpaka ndevu. Mabega yake, yaliyokuwa yamepanda juu siku zote zile, yakashuka yenyewe.

"Chako, bibi? Wallahi ni chako?"

"Sasa nani mwingine ana akili hiyo?"

Akaanza kucheka. Alicheka kwa kuinama, ameshika magoti, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

"Faini ya kumkasirikia mtani unaijua," Bibi Rabia akasema.

"Jogoo."

"Jogoo mwenye mkia. Usiniletee yule wenu wa mwaka juzi."

"Bibi," Mwantumu akasema, "wewe umemaliza. Mimi bado."

Hakuwa anacheka. Vicheko vikakatika. Alianza kuimba, anapiga udongo kwa kisigino mahali pa mchi:

*Dude la chuma languruma Nachingwea,*
*Mahindi yangu Nandagala yatikisika;*
*Kinu chaniuliza, ni nani huyo apitaye?*
*Nimekijibu: twanga, hayakuhusu.*

*Mimi ndiye Mwantumu, binti Seleman wa Nandagala,*
*Nikitwanga natunga, nikitunga natwanga;*
*Anitakaye anichukue na mchi wangu,*
*Akiuacha mchi, na mimi ameniacha.*

Kisigino kikatulia. Wa kwanza kusogea alikuwa Bwana Lubo. Alitoka chini ya trekta bovu, akasimama, akavua kofia yake yenye grisi, akaishika kifuani. Madereva wakatazamana. Mzungu amemvulia kofia binti wa kutwanga? Kisha mmoja akavua ya kwake, na mwingine. Adinani alikuwa wa mwisho. Alipoivua, unga wote ukammwagikia tena.

"Huu ndio mwanzo?" akauliza.

"Ndio mwanzo na ndio mwisho. Kwa nini hukuja kuniuliza, Adinani?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi nina kisu?"

"Niliogopa utasema ndiyo, ni changu. Wewe ukisema kitu kwenye wimbo watu wanakiamini. Hata mimi. Nikasema, kama Mwantumu ameona kichwani mwangu mna hewa, basi mna hewa kweli. Nikaona bora nivunje mimi kabla hujanivunja wewe."

Mwantumu akamtazama usoni, kwenye ile michirizi miwili iliyokuwa inauchora unga chini ya macho.

"Mna hewa," akasema. "Lakini si ya kuvunjia harusi."

"Nisamehe."

"Baba ameniambia nikirudi bila mchumba ninyamaze. Na nikirudi na mchumba, ninyamaze vilevile. Wewe unasemaje?"

"Ukinyamaza, mimi nitajuaje kama mahindi yanatikisika?"

Mama yangu anasema hapo ndipo alipopaliwa na muhogo.

"Basi nina sharti," Mwantumu akasema. "Siku ya harusi mchi wangu utaubeba wewe. Begani. Kutoka uani kwetu mpaka kwenye lori, mchana, watu wanaona."

"Mwanamume abebe mchi? Mbele ya watani?"

"Mbele kabisa!" Bibi Rabia akadakia. "Nitakuja na ukoo mzima, na vilema tutawabeba!"

Adinani akavaa kofia, akaivua tena.

"Nitaubeba."

*

"Seleman! Toka nje!"

Mzee Seleman alitoka. Mohamedi hakungoja kukaribishwa. Alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu.

"Uji uko wapi?"

"Maneno kwanza!"

"Mtu akikaa na kudai uji, maneno umeshayapata."

Mzee Seleman alikaa naye kwa kishindo, akapumua mpaka kizibao kikalegea.

"Alhamdulillahi. Na kutunga, ameapa kuacha?"

"Mwenye mke hataki aache. Wewe utamkataza mke wa mtu?"

Baba wa watu akageukia jikoni. "Mleteeni uji," akasema.

Harusi ilifanyika ufuta ulipokwisha kupurwa. Adinani alitoka uani na kanzu nyeupe, mchi begani kama bunduki ya askari wa zamu, na ukoo wote wa Bibi Rabia wakamtangulia, wamejipaka majivu, wanatembea kwa kuiga anavyotembea. Bwana Lubo alipewa kiti na sahani ya pilau peke yake. Wimbo uliimbwa mpaka jina likatajwa, watu wakaitikia, na baada ya jina Bibi Rabia akapachika cha kwake:

*Dereva kabeba mchi, trekta laona wivu,*
*Jogoo aliyelipa ana mkia wa kuazima;*
*Msimwonee huruma, mzigo kautaka,*
*Gia ataiona leo, fundi asiitwe!*

Wote wakamgeukia Mzee Seleman kuona kama atatafuta fimbo.

"Hicho ni cha nani?" akauliza.

"Changu, mtani!" Bibi Rabia akapiga kelele.

"Basi si cha mwanangu," akasema. Na Mwantumu alipopita mbele yake kwenda kupanda lori, mzee yule akatupa jicho kwa Bwana Lubo, ambaye alikwisha simama, kofia kifuani. Mzee akajikuna kichwa. Akajikuna tena. Kisha akaivua kofia yake ya kiua, akajipepea nayo, akasema jua ni kali.

Palikuwa na mawingu.

Wimbo huo bado unaimbwa Ruangwa na Nachingwea, wakati wa kupura ufuta. Umeshaota mikia mingi, mingine siwezi kuiandika hapa, mna watoto. Lakini jina liko palepale, na kila mtoto wa kike anayejua kutwanga anajua mlango wa Mwantumu uko wapi.

Lori lilipoondoka, mama yangu alibaki uani peke yake na kinu kilichobaki na mchi mmoja. Anasema alisikia lile gari linanguruma mpaka likapotelea mbali, na mahindi machache yaliyosahaulika shambani, bila upepo wowote, yakatikisika.

"Mama," nikamwambia, "hapo sasa umezidisha chumvi. Yalitikisika kweli?"

Alikuwa amenipa mgongo, mchi uko juu.

"Twanga," akasema, "hayakuhusu."